Pete Moja, Vidole Vitano

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Neno hili halina mpinzani, kwani jamii isiyowatunza watu wake wenye juhudi huwavunja moyo wale wanaowafuatia. Lakini mpira wa kikapu huchezwa na watu watano kila upande, nao ni mfano wa vidole vya mkono mmoja. Pete ikiwa ni moja tu, hapana budi kuzuke swali: avikwe nani, na kwa kipimo gani?

Swali hilo liliwagawa wapenzi wa mchezo huo nchini Marekani mwaka 2023, kuhusu mabinti wawili wa vyuo vikuu. Tumeona yafaa kulizungumza hapa kwa sababu mmoja wao ni mtoto wa kisiwani, na pia kwa sababu makosa yaliyojitokeza katika mjadala ule yaweza kufanywa popote penye kombe na wachezaji.

Binti wa kwanza ni Aliyah Boston. Alizaliwa Saint Thomas, kimojawapo cha Visiwa vya Virgin vilivyo chini ya Marekani katika bahari ya Karibi. Alipofika umri wa miaka 12 aliwaacha wazazi wake, akavuka bahari pamoja na dada yake kwenda kuishi kwa jamaa zao katika jimbo la Massachusetts, ili wapate nafasi pana zaidi ya masomo na michezo. Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa uzito wa safari ya namna hiyo. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha South Carolina chini ya mwalimu Dawn Staley, akawa nguzo ya timu chini ya kikapu. Mwaka 2022 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima kwa kuishinda Connecticut 64 kwa 49, na Boston akazikusanya tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa mwaka.

Binti wa pili ni Caitlin Clark wa Chuo Kikuu cha Iowa. Huyu ni mlengaji wa mbali na mgawaji hodari wa mipira. Katika msimu wa 2022 hadi 2023 alifunga wastani wa pointi 27.8 kwa mchezo, na juu ya hizo akatoa pasi zaidi ya nane zilizozaa vikapu. Boston katika msimu huo huo alifunga wastani wa pointi 13 tu, na kudaka karibu mipira kumi iliyorudi kutoka kikapuni.

Wakati wa kura ukawadia. Katika kura ya waandishi wa habari za michezo wa shirika la Associated Press, iliyopigwa kabla ya mashindano ya mwisho kuanza, wapiga kura 20 kati ya 28 walimchagua Clark, na 7 wakamchagua Boston, ilhali timu ya Boston ilikuwa haijafungwa hata mara moja. Tuzo za Naismith na Wooden nazo zikaenda kwa Clark.

Waliomtetea Clark walisema kwamba yeye ndiye aliyeibeba timu yake mabegani, na kwamba bila yeye Iowa isingefika popote. Waliomtetea Boston walijibu kwamba wapinzani walikuwa wakimzunguka watu wawili au watatu kila aliposhika mpira, na kwa kufanya hivyo wakawaachia wenzake nafasi ya kufunga. Kazi hiyo haiandikwi katika karatasi ya matokeo. Tena timu yake ilikuwa na hazina kubwa: mwaka huo wachezaji watano wa South Carolina waliteuliwa kuingia ligi ya kulipwa. Mtu aliyezungukwa na wenzake hodari hana haja ya kufunga pointi 30 kila siku.

Tarehe 31 Machi 2023 mabinti hao walikutana uso kwa uso mjini Dallas. Clark alifunga pointi 41, na Iowa ikashinda 77 kwa 73. Huo ulikuwa mchezo wa kwanza na wa pekee kwa South Carolina kufungwa baada ya ushindi mara 36. Wengi wakasema kesi imekwisha. Lakini siku mbili baadaye Iowa nayo ilifungwa na LSU 102 kwa 85. Na mwaka 2024, wakati Clark alipozitwaa tena tuzo za mchezaji bora, South Carolina ilirejea bila Boston, ikashinda michezo 38 bila kufungwa hata mmoja, na katika fainali ikaishinda Iowa 87 kwa 75. Aliyevikwa pete hakupata ubingwa mwaka wowote katika hiyo miwili. Hatusemi haya kwa kumdunisha, kwani mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na Clark hata mnyonge si mmoja. Twasema tu kwamba ubora wa mtu na ushindi wa timu ni mambo mawili, na kimoja hakiwezi kuwa ushahidi kamili wa kingine.

Maswali mawili tofauti

Kosa la pili katika mjadala ule lilikuwa kuchanganya tuzo na uteuzi wa ligi ya kulipwa, WNBA, ambao wenyewe huuita drafti. Tuzo huuliza: nani amefanya kazi bora mwaka huu? Uteuzi huuliza: nani atatufaa miaka mitano ijayo? La kwanza ni hukumu juu ya jambo lililokwisha, na la pili ni dhana juu ya jambo ambalo halijatokea.

Utaratibu wenyewe wastahili kuangaliwa. Timu zilizofanya vibaya hupiga kura ya bahati nasibu, na iliyo dhaifu zaidi hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua kwanza. Hivyo katika nchi inayosifu ushindani kuliko kitu chochote, mchezo umeona haja ya kumnyanyua aliyeanguka. Upande wa pili, mchezaji hana kauli juu ya mahali atakapokwenda. Hali yake ni kama ya mwalimu mpya anayesubiri kupangiwa kituo.

Katika uteuzi wa Aprili 2023, Clark alikuwa bado hajatimiza muda wake chuoni. Maddy Siegrist wa Villanova, aliyeongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi 29.2, alichaguliwa wa tatu. Aliyechaguliwa wa kwanza, na timu ya Indiana Fever, ni Boston mwenye pointi 13. Wenye dhamana ya kujenga timu walikuwa wametazama mambo ambayo wahesabu pointi hawakuyatazama. Mwaka huo huo Boston akawa mchezaji mpya bora wa ligi kwa kura zote.

Hata hivyo, nafasi ya juu katika uteuzi si dhamana. Sisi Watanzania tunalijua hilo kwa mfano wa karibu. Ndugu yetu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Connecticut, alichaguliwa wa pili katika ligi ya wanaume mwaka 2009. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini alipofika huko muda wake wa kucheza ulikuwa mdogo, na matarajio yaliyowekwa juu yake yalikuwa mzigo mzito kwa kijana. Namba ya uteuzi ni ahadi ambayo wengine wamempa mtu. Si hatia yake ikiwa haikutimia.

Hesabu isiyoandikwa

Lipo jambo jingine linalogusa haki ya wanawake. Clark alipomaliza chuo mwaka 2024 alikuwa na pointi 3,951, na magazeti yakatangaza rekodi baada ya rekodi. Ndipo watu wakakumbushwa jina la Lynette Woodard, aliyefunga pointi 3,649 akiwa Kansas kati ya mwaka 1977 na 1981, na la Pearl Moore, aliyefunga 4,061 katika vyuo vidogo miaka ya 1970. Pointi zao hazikuwamo katika daftari kuu kwa sababu chama cha NCAA hakikuanza kuendesha ubingwa wake mkuu wa wanawake mpaka mwaka 1982. Walicheza, walifunga, wakatoka jasho, lakini mwenye daftari alikuwa bado hajaona kwamba kazi yao yastahili wino.

Na wino wa mishahara nao una yake. Fainali ya wanawake ya mwaka 2024 ilitazamwa katika televisheni na watu waliozidi milioni 18, zaidi ya fainali ya wanaume ya mwaka huo. Lakini Clark, aliyechaguliwa wa kwanza, alipangiwa mshahara wa ligi wa dola 76,535 kwa mwaka wake wa kwanza, ilhali mwanamume aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo alipangiwa zaidi ya dola milioni 10. Tena ligi ilikuwa na timu 12, kila moja wachezaji wasiozidi 12. Yaani nafasi 144 kwa nchi nzima. Wengi wa wale 36 walioteuliwa walijua kwamba huenda wasimalize hata mazoezi.

Funzo kwetu

Ndugu wasomaji, hasa mlio katika idara za elimu na michezo, nasi hutoa vikombe kwa mabinti zetu katika mashindano ya shule. Mara ngapi tumemvika pete mfungaji kwa kuwa ndiye tuliyemwona, tukamsahau aliyempa mpira? Haigharimu fedha nyingi kumweka mwandishi mezani ahesabu pasi na mipira iliyodakwa, wala kutangaza kipimo cha tuzo kabla ya mashindano badala ya baada yake. Daftari hilo likitunzwa vizuri, binti wa leo hatapotea kama alivyotaka kupotea Woodard.

Ama mabinti wale wawili, kisa chao kina mwisho wa kuvutia. Mwaka 2024 Indiana Fever ilipata tena nafasi ya kwanza, ikamchagua Clark. Wale ambao watu waligombana kwa ajili yao wakavaa jezi moja. Timu iliyoshinda michezo 5 na kufungwa 31 mwaka 2022 ilishinda 20 na kufungwa 20 mwaka 2024, ikaingia katika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2016. Mmoja alipiga pasi, na mwingine akaipokea chini ya kikapu. Kidole kimoja hakivunji chawa.