Fundi Anayekesha na Mgonjwa Aliyelala

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za kijana Eutiko, aliyelemewa na usingizi Paulo alipokuwa akinena mpaka usiku wa manane, akaanguka toka orofa ya tatu. Yeye alisinzia kwa kuwa usiku ulikuwa umeenda sana. Lakini wako watu wasinziao mchana kweupe, hata wakiwa wameshika usukani wa motokaa, na usiku walilala muda wa kutosha. Wengi wao ni watu wa kukoroma. Katikati ya kukoroma koo hujifunga, pumzi hukatika, mtu hugutuka kidogo, huvuta hewa, kisha hulala tena. Asubuhi hakumbuki neno.

Ugonjwa huo hupimwa kwa kuhesabu. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo ni mara moja. Ikikatika au kupungua sana mara 30 au zaidi kwa kila saa ya usingizi, madaktari husema ugonjwa ni mkali.

Je, ni nani ahesabuye? Si daktari, maana daktari naye amelala kwake. Ni fundi wa uchunguzi wa usingizi. Jioni humbandika mgonjwa nyaya nyembamba kichwani, karibu na macho, kidevuni, kifuani na miguuni, na kidoleni humvisha kifaa cha kupima oksijeni ya damu. Kisha hukaa chumba cha pili akitazama mistari ya mashine mpaka kuche. Usiku hugawanywa vipande vya sekunde 30, na kila kipande hukaguliwa. Usiku wa saa 8 una vipande 960. Si kazi ya mtu mvivu!

Tena, mara nyingine fundi humfunga mgonjwa kifuniko puani na kumpa hewa ya kusukumwa na mashine, ili koo lisijifunge. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1981 na Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Fundi huongeza nguvu ya hewa kidogo kidogo mpaka kukoroma kukome.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka huko Marekani. Waganga wa pumzi, ambao wana leseni yao, walisema: kumpa mgonjwa hewa na oksijeni ni kazi yetu kisheria, na asiye na leseni asiiguse. Mafundi wa usingizi wakajibu: sisi tumejifunza kazi hii, na usingizi una mambo mengi kuliko pumzi peke yake. Katika nchi ile kila jimbo lina sheria yake, na hata leo majimbo mengi hayana leseni maalumu ya fundi wa usingizi.

Jimbo la California lilikata shauri mwaka 2009. Sheria yake yataka fundi aandikishwe na Bodi ya Matibabu ya jimbo, awe amefaulu mtihani, achunguzwe kama ana makosa ya jinai, na afanye kazi chini ya daktari mwenye leseni. Ameruhusiwa kutumia oksijeni na mashine ya hewa. Ameruhusiwa kuweka vifaa vya kufungua njia ya hewa puani na mdomoni, ila visifike ndani ya bomba la pumzi. Wahenga walisema, mtu hujikuna ajipatapo.

Mpaka mgumu kuliko yote ni wa ulimi. Alfajiri mgonjwa huamka na kuuliza, "Bwana, umeona nini?" Fundi ameona mengi, lakini kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari, ambaye atalinganisha hesabu ile na moyo wa mgonjwa, dawa anazotumia na habari zake zote. Fundi akinyamaza hapo, hana kiburi, anashika amana. Lakini moyo ukienda vibaya usiku, hana ruhusa ya kukaa tu. Yampasa amwamshe mgonjwa, amwokoe na kuita msaada. Kupita mpaka ni kosa, na kushindwa kuufikia ni kosa vilevile.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya makaratasi. Sivyo. Mgonjwa aliye macho aweza kukataa mkono asiouamini. Aliyelala hawezi. Hati ile ni macho yake wakati macho yake yamefumba. Lakini yafaa watunga sheria nao wajihadhari, leseni isigeuke ua wa kulinda mkate wa kundi moja. Mafundi stadi wakifungiwa nje, vitanda vya uchunguzi vitakaa bure, na mgonjwa atarudi barabarani akisinzia. Sheria njema huuliza, "Mtu huyu amejifunza nini, na anasimamiwa na nani?" Haiulizi tu ni wa kundi gani.

Basi, ukipelekwa kuchunguzwa usingizi, popote pale, uliza kwa adabu: nani atakesha nami, amefunzwa wapi, na daktari gani atasoma hesabu yake? Na ninyi akina mama, mkisikia waume zenu wakikoroma kisha kimya kirefu kikaingia, msicheke tu. Waambieni asubuhi, wala msiache mpaka wamefika kwa daktari. Mashahidi wa kwanza ni ninyi.