Sanduku la Kufuli Tatu

Mwaka 1991 shirika la misaada la CARE lilianzisha huko Maradi, nchini Niger, mpango usiogawa fedha: liliwafundisha akina mama kuweka akiba yao wenyewe. Mpango huo umekwisha kuenea hata Uganda. Katika vikundi vingi akiba hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na wanachama watatu, nalo hufunguliwa mbele ya wote. Auzaye maandazi au mboga hukopa humo, kisha hurudisha pamoja na nyongeza kidogo. Mwisho wa mwaka akiba na faida hugawanywa kwa wenyewe.

Enyi wake wa askari, uhamisho huja bila kupiga hodi. Basi akopaye na alipe kabla ya kufunga mizigo, kwani fedha ile ni jasho la jirani.