Jicho la mgonjwa wa kisukari laweza kufichua hali ya figo

Daktari anapomulika ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari, haoni habari za jicho peke yake. Retina, yaani utando mwembamba ulio nyuma ya jicho na unaopokea mwanga, ni miongoni mwa sehemu chache mno za mwili ambamo mishipa midogo ya damu huonekana waziwazi bila kupasua chochote. Jambo hilo limewezekana tangu mwaka 1851, Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipobuni chombo cha kutazamia ndani ya jicho.

Figo, kwa upande wake, imejificha. Kila figo ina vichujio takriban milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa midogo kupita kiasi. Vinapoanza kuharibika mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Hata kipimo cha damu cha kreatinini huweza kuonyesha kiwango cha kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo uwe umekwisha kupotea.

Mishipa ya retina na ya figo huumizwa na jambo lile lile: sukari iliyozidi katika damu kwa miaka mingi, hasa ikiandamana na shinikizo la juu la damu. Kuta za mishipa hiyo hunenepa, lakini unene huo si nguvu, kwani huanza kuvuja. Katika jicho huonekana vivimbe vidogo kama vichwa vya pini, madoa ya damu na mabaka ya mafuta. Katika figo kinachovuja ni protini iitwayo albumini, ambayo huishia katika mkojo.

Uhusiano huo umefuatiliwa kwa muda mrefu katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako utafiti wa macho ya wagonjwa wa kisukari ulianza mwaka 1980 chini ya Ronald Klein na Barbara Klein. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kuhusu wenye kisukari cha aina ya kwanza: wale ambao vena za retina zao zilikuwa pana zaidi walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya figo zao kudhoofika katika miaka iliyofuata. Mwaka 2020 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha za retina yaweza kutambua ugonjwa sugu wa figo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba picha ya jicho yatosha. Upana wa vena huonyesha mwelekeo pale watu wengi wanapolinganishwa. Haumtabirii mgonjwa mmoja. Katika kisukari cha aina ya kwanza, mtu ambaye figo zake zimeharibiwa na maradhi hayo karibu siku zote huwa na madhara ya retina pia. Katika aina ya pili sivyo: wapo wengi wenye protini katika mkojo ilhali retina zao ni safi. Hao wasiambiwe upesi kwamba ni kisukari tu, kwani huenda wana ugonjwa mwingine wa figo, wenye tiba yake.

Linalosikitisha ni mgonjwa kutibiwa macho kwa leza akarudi nyumbani bila yeyote kumuuliza habari za mkojo wake. Kipimo kinachohitajika ni cha albumini kikilinganishwa na kreatinini katika mkojo. Miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, zikionekana tena kipimo kinaporudiwa katika muda wa miezi michache, ni ishara ya madhara. Mwenye aina ya pili apimwe macho na mkojo kila mwaka tangu ugonjwa ugunduliwapo; mwenye aina ya kwanza, baada ya miaka 5.

Faida ya kuwahi inajulikana. Utafiti uliohusisha wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza huko Marekani na Canada, uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya kuanza kwa madhara ya retina kwa asilimia 76, na ya kuvuja kwa albumini nyingi kwa asilimia 54. Shinikizo la damu nalo lidhibitiwe. Dawa kama enalaprili na losartani hupunguza uvujaji huo wa protini, ila hazifai kwa mama mjamzito.