Ndoo ya uji wa lishe na hesabu yake

Kwenye mashine za kusaga za Mbagala kule Temeke, au Tandale upande wa Kinondoni, foleni ya asubuhi haikosi ndoo ya uji wa lishe. Ifunue: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, na juu kabisa konzi moja ya soya. Mwenye ndoo atakuhesabia aina zote kwa fahari, na ana haki, maana amejinyima. Lakini kwa mtoto wake, swali kubwa ni soya ipo kiasi gani.

Kilo ya mahindi ina takriban gramu 90 za protini, na nafaka nyingine zile hazipishani nayo sana. Kilo ya soya ina kama 360, tena ina laisini, kijenzi cha protini ambacho mahindi yanacho kidogo mno. Ukiongeza nafaka ya tano, protini inabaki karibu palepale.

Tuseme mama anataka kilo 3 za unga wenye protini maradufu ya mahindi matupu, yaani gramu 540. Hajui aweke mahindi kiasi gani wala soya kiasi gani. Visivyojulikana ni viwili, basi anahitaji taarifa mbili, uzito wote na protini yote. Kilo za mahindi ziwe m, za soya ziwe s:

m + s = 3
90m + 360s = 540

Hii ndiyo milinganyo sanjari ya sekondari, ambayo wengi wetu tuliikariri kwa Kiingereza bila kuambiwa kuwa inakaa jikoni.

Chukulia kwanza ndoo nzima ni mahindi: gramu 270. Zimepungua 270. Kila kilo ya mahindi unayoitoa na kuweka soya inaongeza 360 kutoa 90, yaani 270. Basi badilisha kilo moja tu. Mahindi kilo 2, soya kilo 1. Hakiki: 180 na 360 ni 540.

Ukitaka karanga pia, kisichojulikana cha tatu kinadai taarifa ya tatu, labda mafuta, labda bei. Na karanga zichambue, uondoe zenye ukungu: sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haionekani kwenye hesabu hii.

Soya nayo ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Ikiwa mbichi ina kemikali zinazozuia mwili kumeng'enya protini, na gramu zile 360 hazitamfikia mtoto zote.