Mahindi Yenye Kuvu si Chakula cha Nguruwe

Mavuno yakiisha, mkulima huchambua mahindi yake. Yaliyo mazuri huingia ghalani, yaliyoota kuvu huwekwa kando, na watu husema, "Hayo ni ya nguruwe." Wasemao hivyo hudhani kwamba tumbo la nguruwe ni tanuru iunguzayo kila uchafu. Sivyo hata kidogo.

Kuvu huacha ndani ya punje sumu isiyoonekana kwa macho. Mojawapo iliyo mbaya sana huitwa aflatoksini. Wataalamu waliitambua baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga. Na hapa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yenye sumu iyo hiyo.

Basi yafaa tujue njia ipitayo sumu hiyo. Ng'ombe ana tumbo kubwa lenye vijidudu vinavyovunja baadhi ya sumu za kuvu. Nguruwe hana mlinzi wa namna hiyo. Aflatoksini hupenya upesi katika utumbo mwembamba, na damu huichukua moja kwa moja mpaka kwenye ini. Hapo ini hujaribu kuigeuza ili itoke mwilini. Sehemu yake hutoka kwa nyongo na mkojo, na kwa jike anyonyeshaye hutoka katika maziwa pia, ikawafikia watoto wake. Lakini sehemu nyingine, katika kugeuzwa, huwa kali kuliko kwanza. Hushikamana na chembe za ini lenyewe na kuziharibu. Nguruwe hupoteza hamu ya kula, hakui, naye mwenyewe hulaumu minyoo.

Kupika chakula hakuondoi sumu hii. Dawa ni kuizuia mapema. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi 13 kwa mia. Kuyapima, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, uifunge na kuitikisa sana. Chumvi ikigandama chupani, mahindi hayajakauka.

Yaliyooza yafukie mbali na kuku. Debe moja likitupwa ni hasara ya siku moja. Nguruwe aliyeharibika ini ni hasara ya mwaka mzima.