Utangulizi: Kati ya Hotuba ya Bajeti na Fedha Kutoka

Mkazi wa Goba, Dar es Salaam, anayenunua umeme wa LUKU amelipa kodi kabla hajawasha taa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye umeme: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza, na Sh 1,500 kuanzia mwaka 2023. Akijaza mafuta kwenye bodaboda, kila lita ina tozo ya barabara, ikiwemo Sh 100 iliyoongezwa katika mwaka wa fedha 2021/22 kwa ajili ya barabara za TARURA, zile za mitaani ambazo masika hugeuka tope. Karibu basi katika taaluma ya fedha za umma. Kiingilio umeshakatwa.

Kwa mujibu wa ibara ya 135 ya Katiba, mapato ya Serikali huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyapangia njia nyingine. Kutoka huko hayatoki ila kwa idhini ya sheria na ya Bunge. Kila Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti Dodoma, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa Sh trilioni 49.35, na magazeti yaliikuza tarakimu hiyo kwa herufi nene. Kwa maoni yangu, tarakimu hiyo ndiyo inayofundisha kidogo kuliko zote, kwa kuwa ni makadirio tu. Mwanafunzi makini hungoja Oktoba au Februari, makusanyo yanapopungua na watendaji wanapoanza kusema "fedha hazijatoka". Hapo ndipo sera halisi huonekana. Je, Serikali itakopa, itaiegemea Benki Kuu, itapunguza matumizi, au itakaa kimya bila kumlipa mkandarasi?

Wengi hupenda kusema Serikali iishi kama kaya: isitumie isichokuwa nacho. Ushauri mzuri kwa baba mwenye nyumba, lakini kwa Hazina haukai sawa. Kaya ikibana matumizi, jirani hahisi sana. Serikali ikibana, shilingi isiyotoka ilikuwa mshahara wa kibarua wa barabarani, naye alikuwa mteja wa mama lishe na mpangaji wa mtu. Ndiyo maana tangu John Maynard Keynes alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1936 hoja imekuwa kwamba Serikali itumie zaidi uchumi unapolala na ijibane unapochangamka. Kuandika hivyo ni rahisi. Kujibana wakati wa neema ndiko kunakowashinda wengi, na Tanzania inalo somo lake.

Baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa, na kufikia 1977 nchi yetu ilikuwa na akiba nzuri ya fedha za kigeni. Serikali ikalegeza uagizaji wa bidhaa, akiba ikayeyuka. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na huduma zilizokuwa za pamoja zikahitaji kuanzishwa upya kwa gharama zetu. Oktoba 1978 vita vya Kagera vikaanza, kisha mwaka 1979 mafuta yakapanda bei. Pengo la bajeti likazibwa kwa mikopo ya benki za Serikali yenyewe, maana yake fedha ziliongezeka ilhali bidhaa zilikuwa zinapungua. Miaka ya 1980 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 30, na watu wazima wa Dar es Salaam bado wanakumbuka foleni za sukari na sabuni.

Dawa kali ilikuja mwaka 1996, chini ya Rais Mkapa: bajeti ya fedha taslimu. Hazina ilitoa kwa kadiri ilivyokusanya. Mwaka huo Mamlaka ya Mapato, TRA, nayo ilianza kazi. Mfumuko, uliokuwa juu ya asilimia 20 katikati ya muongo, ukashuka chini ya asilimia 10 mwaka 1999. Vitabu husifu sana hatua hii, na inastahili. Ila gharama yake husomwa harakaharaka: wizara haikujua mwezi ujao itapata nini, miradi ikasimama na kuanza tena, na madai ya wazabuni yakalimbikizwa. Malimbikizo ni mkopo usioandikwa mkopo, na mkopeshaji ni mfanyabiashara ambaye hakuulizwa.

Serikali inaweza pia kutumia ili kutuliza. Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipopanda baada ya vita vya Ukraine kuanza, ilitoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Nauli ya daladala ilipata afueni. Wenye magari makubwa walipata zaidi, kwa kuwa ruzuku ya lita humfuata anayenunua lita nyingi. Bado tunabishana darasani kama fedha hiyo ingefaa zaidi kwingine.

Kwa anayetaka kuanza, ninapendekeza aanze na vitabu vya makadirio vyenyewe na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), inayowasilishwa bungeni kila mwaka. Chukua fungu moja tu, tuseme barabara za Manispaa ya Ubungo, ambamo Goba imo. Weka kiasi kilichoidhinishwa kando ya kile kilichotoka, kisha tafuta tarehe kilipotoka. Fedha ya barabara ikitoka Machi, mvua za masika ziko mlangoni.