Mguu wa Mama Nao Upimwe

Mwanamume wa Thika apatapo maumivu ya ndama za miguu kila apandapo mlima, nayo yakatulia akipumzika, daktari hushuku upesi kuwa mishipa ipelekayo damu miguuni imeziba; hasa akiwa mvutaji sigara. Mwanamke je? Aghalabu maradhi hayo humnyemelea kimya, au humletea uchovu wa miguu tu. Naye, aliyesimama kutwa akichuma kahawa Ruiru (katika mashamba yaliyonusurika kugeuzwa majumba), husema ni kazi, au ni uzee.

Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanaume 15 hivi katika kila 100 nchini Kenya walivuta tumbaku. Wanawake hawakufika hata mmoja. Tusidanganyike na hesabu hiyo. Kisukari na shinikizo la damu navyo huziba mishipa, wala havichagui. Ndiyo sababu wanawake, kuliko wanaume, hufika hospitalini wamechelewa, kidonda kikiwa hakiponi.

Kipimo chenyewe si cha ajabu: mkanda wa shinikizo hufungwa mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, na kifaa kidogo husikiliza damu. Shinikizo la mguuni likipungua chini ya asilimia 90 ya lile la mkononi, pana kasoro. Mbona basi mama zetu kliniki hukunjuliwa mkono wa nguo tu, viatu wasivuliwe?